Simu Ulizopiga Ukiwa Juu ya Ngome

Dada Mghoi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, kile cha chini, miguu nimeipandisha juu ya begi. Ni Jumapili alasiri. Wenzangu wawili wameenda dukani na mmoja amelala na nguo zake za kazi. Zamu yangu inaanza kesho alfajiri, nami ningepaswa kulala, lakini tangu jana nina jambo kifuani na nikilibeba wiki nyingine naona litaniangusha.

Kwanza nikupe habari. Bado niko hotelini, bado dobi. Siku hizi wameniweka kwenye kukunja shuka. Tunakunja wawili wawili, mimi na mama mmoja Mnepali. Lugha hatuelewani ila mikono yetu imezoeana. Vidole vimepasuka kwa sabuni, na ikifika saa tisa miguu haiingii viatuni. Kanisani Mesaimeer sijaenda mwezi wa pili huu. Watu wananiuliza hali kwa ile sauti ya kwenye matanga, na sina nguvu ya kuwajibu. Pale ukutani tulipokuwa tukikaa baada ya ibada, wewe ukinifungulia mkebe wa wali ulioubeba kwenye kitambaa, sipiti tena. Nazunguka upande wa pili.

Mwanao Mwadime hajambo. Yuko mwaka wa pili pale Voi, chuo cha ufundi, anasomea magari. Anainama akiingia jikoni. Hunipigia kila Jumapili, na mimi bado ananiita Mama. Wewe, hata sasa ambapo hupo, anakutaja kama Anti Mghoi. Naliandika hili mapema kwa sababu ndilo barua yenyewe.

Wiki iliyopita alinipigia Hessa. Hessa wa ile nyumba ya Waarabu ulikofanya kazi Muaither, uliyempokea akiwa na miaka mitatu ukamlea miaka kumi na mitano, mpaka asubuhi ile ulipoanguka jikoni mwao na daktari akasema mshipa umepasuka kichwani. Sikuwa nimesema naye tangu siku ya jeneza, kule uwanja wa ndege upande wa mizigo. Yeye alisimama na mama yake kule, mimi nikasimama na watu wa kanisa huku, na hakuna aliyevuka.

Akaniambia, "Mama Mdogo, mimi nataka twende ngome. Zile za Mama Mghoi."

Dada, nilichukia. Mama Mdogo. Nani alimpa ruhusa ya kuniita hivyo? Nikamwambia niko kazini siku zote. Akasema atangoja ofu. Nikamwambia siku ya ofu mimi hulala. Akasema, "Utalala kwa gari." Akalisema vile vile ulivyokuwa ukisema wewe mtu akikuletea visingizio, bila kupandisha sauti, kama vile jambo limekwisha. Nikajikuta nimekubali.

Kwa hiyo jana, Jumamosi, saa mbili asubuhi, akaja kunichukua langoni. Gari kubwa jeupe, na yeye mdogo nyuma ya usukani, abaya yake nyeusi na viatu vya michezo. Alikuwa peke yake. Alikuwa amebeba chupa ya karak, ile chai yao nzito ya maziwa, na kwenye sufuria iliyofunikwa kwa taulo, mahamri. "Nimepika mimi," akasema. Yalikuwa magumu, na iliki alitia mno. Nikala mawili kwa sababu alikuwa ananitazama.

Kiswahili chake nilikuwa nakisikia mara ya kwanza kwa kirefu. Wewe ulinieleza kwamba anakiongea, mimi nikadhani ni maneno ya salamu tu. Kumbe anaongea kweli, ila ni Kiswahili cha mtoto. Anajua maneno ya kuoga, kula, kulala na kukanywa. Msichana wa chuo kikuu, ananiambia mimi mtu mzima, "Funga mkanda vizuri. Ukiumia nitakuchapa." Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikageukia dirishani. Nikalala kabla hatujatoka mjini.

Aliniamsha kwenye minara ya Barzan. Unaijua. Kuta nene za rangi ya mchanga na ngazi nyembamba zinazopanda kwa nje. Nilitaka kungoja chini, magoti yalikuwa yanalia, lakini alishapanda ngazi nne, akageuka na kunyoosha mkono. "Polepole," akasema, "hakuna anayetufukuza."

Nikasimama pale pale. Hayo ni maneno yako, dada. Ulikuwa ukiniambia tukipanda mlima wa Wundanyi na kuni kichwani, mimi nikiwa wa miaka saba nalia nyuma yako kwamba utaniacha. Sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Mwadime hayajui. Nilipomlea sikumwambia hivyo hata siku moja, sijui kwa nini, labda nilikuwa na haraka. Na huyu binti wa watu anayo mdomoni kama maneno ya nyumbani kwao.

Nikashika mkono wake nikapanda. Juu palikuwa na upepo, chini yetu nyumba na mitende, na yeye akawa ananieleza: hapa Mama Mghoi alitukataza kukimbia, hapa Mama Mghoi alipoteza kiatu. Nilikuwa naitikia tu. Moyoni nilikuwa nahesabu kila alichopata yeye ambacho Mwadime hakupata, na hesabu ile ilikuwa ndefu.

Kutoka pale tukaendelea kaskazini hadi ngome kubwa ya Zubara. Nililala tena njiani, nikaamka mdomo wazi, na yeye alikuwa amenifunika miguu kwa shali. Ngome ile imesimama peke yake jangwani, hakuna mti wa kuificha. Ndani, katika chumba kimoja cha kona, Hessa akanionyesha dari. "Angalia. Hii miti ya kwenu. Mama Mghoi alisema imetoka kwenu."

Nikatazama zile boriti. Tulizaliwa milimani, dada. Mikoko tuliiona tukiwa watu wazima, tulipoteremka Mombasa kutafuta pasipoti. Lakini wewe ukiwa huku, Pwani yote ilikuwa kwenu. Mlinzi mmoja akatusikia, kijana wa Busia, akasogea akasema ni kweli, miti hiyo ni mikoko iliyoletwa kutoka kwetu zamani. Halafu akamtazama Hessa, akaniuliza mimi, "Mathe, huyu binti alijifunza Kiswahili wapi?"

Hessa akamjibu mwenyewe. "Kwa mama yangu."

Nikatoka nje ya chumba. Nilisimama uani kwenye jua, nikijifanya natafuta kitu mkobani. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Ulimzaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikaa kwangu akijua kwamba wewe ni mtu wa vifurushi, viatu vinavyokuja vikiwa vidogo kwa sababu mguu ulishakua. Huyu alikuwa na wewe mzima, kila asubuhi. Na sasa anasema neno hilo mbele ya mlinzi, bila hata kufikiri.

Alipotoka alinikuta hivyo. Akasema, "Bado moja. Ile ndogo."

Hiyo ndogo alinitajia jina lake mara mbili na ulimi wangu ukashindwa kulishika. Iko mbali na barabara, kuta zake fupi, kisima kimoja kando. Hakukuwa na mtu. Hessa akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, tukakaa tukanywa karak. Akaniambia hapo karibu ndipo familia yao ilipokuwa ikipiga mahema kila msimu wa baridi, na wewe ukiwaleta watoto hapa wacheze, wazazi wapumzike. Akanyoosha kidole kwenye ngazi zinazopanda hadi juu ya paa la kona.

"Pale Mama Mghoi alipiga simu. Chini mtandao hakuna. Kila Ijumaa anapanda pale, anasema, 'Mwambie Mwadime mama yake anapiga.' Halafu ananyamaza. Halafu anashuka."

Nikazitazama zile ngazi.

"Mimi nilikuwa mdogo," akaendelea. Alikuwa anachimba mchanga kwa kidole. "Nilikuwa sitaki yeye anapanda. Mimi nalia chini. Nalia makusudi, naanguka chini. Ndiyo anakata simu haraka, anakuja kwangu. Kila Ijumaa. Nilijua jina la Mwadime, nilikuwa simpendi." Akapangusa uso kwa ukingo wa shela. "Nataka kumwambia Mama Mghoi pole. Lakini yeye hayuko. Ndiyo nimekuleta wewe."

Sasa nifike kwenye neno langu, dada. Nimelizunguka kurasa mbili.

Zile Ijumaa, simu ilikuwa inalia kwetu juu ya kabati la vyombo. Mimi ndiye niliyekuwa naishika. Saa za huku na saa za kwetu ni zile zile, hata hilo sikuwa nalo la kujifichia. Ukipiga saa kumi, kwetu ni saa kumi, jua liko juu na mtoto yuko uani anacheza na magurudumu. Nami nikakuambia amelala. Nikakuambia ameenda kisimani. Nikakuambia amekataa kuja, ana aibu, umwache akue kidogo.

Mara ya kwanza na ya pili alikataa kweli. Alikuwa wa miaka minne, sauti yako ilimchanganya, akawa hali chakula siku mbili akiuliza utarudi lini. Nikajiambia namkinga. Lakini baada ya hapo, dada, sikumwita. Alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni nami sikumwita. Ulijua sikujaliwa mtoto. Mimba zangu mbili hazikukaa, na yule mwanamume akaondoka. Mwadime alianza kuniita Mama mwenyewe, siku moja akiwa na homa, na tangu siku ile kila simu yako ikilia nilikuwa naona mtu anakuja kuchukua chake. Ndivyo ilivyokuwa. Ilidumu miaka, mpaka alipokwenda shule ya bweni na nafasi ikapita yenyewe. Baadaye ukanitafutia hii kazi, ukanipokea uwanja wa ndege na sweta mkononi, miaka mitatu tukikaa kwenye ukuta ule wa Mesaimeer kila Ijumaa, siku ya ibada huku, niliyopata nafasi, nami sikusema. Siku ya jeneza nilisema nitasema, nikaona watu wengi.

Jana nilimwambia Hessa. Sikujua naanza vipi, nikasema tu, "Simu ilikuwa kwangu. Mtoto hakuwa amelala. Mimi ndiye sikumwita."

Sijui kama alielewa yote. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake, taratibu, "Wewe mwizi. Mimi mwizi." Hakulisema kwa ubaya. Akanimiminia karak iliyobaki, ikawa nusu kikombe, akanipa.

Nikanywa. Halafu nikainuka nikapanda zile ngazi. Siku hizi mtandao unashika hata chini, ningeweza kupiga nikiwa nimekaa, lakini nilipanda. Miguu ilikuwa mizito kama magunia. Juu nikapumua, nikampigia Mwadime.

Alikuwa anafua. Nilisikia maji, na redio ya jirani. Nikamwambia kama nilivyokuandikia hapa, bila kujipamba. Nilipomaliza, yale maji yalikuwa yamenyamaza.

"Nilijua, Mama," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa nasikia simu ikilia. Nilijua ni yeye, hakuna mwingine alikuwa anapiga Ijumaa. Ungeniita ningekuja. Hukuniita, nami nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa atasema anakuja kunichukua."

Nilikaa chini kwenye paa lile, dada, na nguo zangu nzuri. Chini Hessa alikuwa anakunja mkeka polepole ili asimalize mapema.

Halafu Mwadime akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Alikuwa anasema nini? Ukimwambia nimelala, alikuwa anasema nini?"

Nilikumbuka vizuri. Ulikuwa husemi mengi. Nikamwambia, "Alikuwa anasema, mwache alale."

Akakata simu. Sikumlaumu.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Nilitaka kulala na sikulala. Tukapita vijiji, tukapita matangi ya maji na ngamia wawili nyuma ya uzio. Kila mara Hessa aliangalia kama nimefunga mkanda. Tulipofika langoni akazima gari, akasema anataka kuja kwetu, Wundanyi, kuliona kaburi. Akaniuliza liko wapi hasa, na linafananaje.

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya ukweli. Kaburi silijui. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye mkataba mpya, likizo ikakataliwa, na wewe ukapanda ndege peke yako. Nilichokiona ni video ya dakika nne, iliyotumwa na binamu yetu. Nimeitazama mara moja tu. Wanakwaya walijaa mbele na wazee, na mwanao nilimwona mwishoni kabisa, nyuma ya watu, ameshika koleo na vijana wa jirani waliokuja kufukia. Hakuna aliyemwambia asogee. Hata yeye, nadhani, hakuona kama ni haki yake kusogea.

Hessa alisikiliza, akasema, "Basi twende wote." Sikumjibu ndiyo wala hapana. Mama yake anapaswa kukubali, na Mwadime pia, na mimi mwenyewe sijui kama naweza kumwona Hessa amesimama pale. Nikamwambia anipe muda. Akasema, "Sawa, Mama Mdogo," na safari hii niliitika.

Leo asubuhi Mwadime hakupiga, ingawa ni Jumapili. Nilidhani ndiyo mwisho. Saa nne ukaingia ujumbe, mstari mmoja: kama huyo msichana ana picha za mama, naomba. Aliandika hivyo, mama, si Anti, na mimi nikausoma nimesimama katikati ya chumba na ndoo mkononi. Nikamweleza Hessa. Tangu hapo simu yangu haijatulia. Anatuma, nami namtumia Mwadime. Wewe na keki. Wewe umelala kwenye kiti mdomo wazi. Wewe umeshika baiskeli ya mtoto, unakimbia, kitambaa kimeanguka mabegani. Nyingine nakuona unacheka vile ambavyo sikuwahi kuona ukicheka tangu tulipokuwa wadogo, na inaniuma, nami naituma vile vile. Mwadime hajibu kitu, ila naona anazifungua zote.

Likizo yangu ni mwezi wa kumi na mbili. Wamesharidhia, karatasi imepigwa muhuri. Nitakuja. Sikuombi unisamehe leo, maana sijui hata nikuombe vipi, na nimechoka, dada. Nimechoka mpaka kwenye meno. Ila kuna kitu naweza kufanya na nakuahidi nitakifanya. Nikifika kaburini sitasimama mbele, wala sitamshika mtu mkono. Nitamwambia Mwadime atangulie. Nitangoja pale kwenye mpaka wa shamba, kwenye migomba, na sitamwita, akae na wewe kadiri anavyotaka, hata kama ni mpaka jua lizame. Akimaliza atatoka mwenyewe.

Wenzangu wamerudi, wanawasha jiko. Naishia hapa nikunje karatasi. Lala salama, dada yangu.

Mimi mdogo wako,
Wakesho